Walinzi Wasioshika Sabato

Mjukuu wangu Kerubo,

Huku Ikonge tu wazima. Ng'ombe amezaa, na nyanya yako anakusalimu kwa sauti ambayo hata majirani wameisikia.

Umeniuliza kama nimewahi kuwahisi hao walinzi unaowasoma chuoni, seli za kinga zinazokaa ndani kabisa ya sikio, zikisafisha palipoumia na kusaidia neva kupona baada ya kelele. Nadhani ndiyo.

Nikiwa kijana niliendesha mashine ya kusaga mahindi hapa sokoni. Ijumaa moja watu walifurika kusaga unga kabla ya Sabato. Nilipozima mashine, masikio yalikuwa yameziba, yanavuma tu. Kesho yake kanisa zima lilimaliza wimbo, mimi nikaendelea kuimba peke yangu, tena kwa nguvu.

Kabla jua halijazama, nikirudi nyumbani na aibu yangu, nilisikia kitu nyuma yangu, kwanza kwa mbali, kisha wazi kabisa. Msichana alikuwa akinicheka. Ndiye nyanya yako, na hajaacha.

Kumbe walinzi wako walishinda Sabato nzima wakifanya kazi. Mimi sasa ni mzee wa kanisa, na nimewasamehe.

Babu yako