Makofi Ambayo Hayakufika Suva

Mereoni, uko wapi?

Babu Ilaitia anafanyiwa upasuaji leo hapo Suva, akaomba kwanza azungumze kwa video na kaka yake, babu yetu huku kijijini. Tukajaa wote mbele ya kompyuta ya kanisa. Akanyanyua jino la nyangumi, mgonjwa vile, akamwomba kaka yake msamaha kwa ule ugomvi wa shamba.

Babu akalia! Akapiga makofi ya kulipokea, yale mazito. "Nimekusamehe, mdogo wangu!"

Kule yeye bado amelinyanyua jino, anasubiri. Mereoni, bado anasubiri!

Sireli si alibadilisha asubuhi programu inayoendesha kadi ya mtandao? Sasa katikati ya mazungumzo kadi ikawa inapokea tu, haitumi. Sisi tunamsikia, yeye hatusikii; anachoona ni picha yetu iliyoganda, Babu amekaa tu. Sireli anabonyezabonyeza, jasho linamtoka. Shangazi anafoka, "Fundi gani wewe, kazi yako kuharibu!" Babu anapiga makofi tu, mpaka viganja vikawa vyekundu.

Babu Ilaitia akalishusha jino polepole. Unajua mwenyewe, jino likikosa makofi limekataliwa.

"Sawa, kaka. Nimekuelewa." Akakata.

Nimekuelewa! Kaelewa nini?

Alikuwa anatumia simu ya nesi. Napiga, haipokelewi. Babu bado amekaa mbele ya kioo, ananiuliza, "Amesikia?"

Wewe uko hukohuko Suva. Kimbia wodini kabla hawajamchukua. Habari za kadi usimweleze, mpigie makofi tu, useme ni ya kaka yake.

Mbona tiki moja tu, ujumbe haujakufikia?

Mereoni, washa simu.