Kahawa ya Chumba cha Kusini

Jumatatu, 1 Julai 2019
Kahawa saa kumi na mbili na nusu. Ndizi moja ya kuchemsha. Nimefungua dirisha la chumba cha kusini, nimemwambia Mama kwamba jana mvua ilinyesha na kuku mweupe ametaga. Hakujibu. Ni miezi kumi na minne sasa hajibu. Mtu wa mjini angesema amekufa tangu Mei mwaka jana. Hapa kwetu Toraja, mpaka nyati wa kwanza wa msiba achinjwe, ni mgonjwa. Na mgonjwa analetewa chakula.

Nyati atachinjwa Jumatatu, tarehe 15. Kamati ya familia imeamua. Nimeambiwa nichape orodha ya waombolezaji, kwa sababu mimi ni karani wa shule na nina kompyuta. Sawa.

Jumatano, 3 Julai
Banne, binti wa Mama, amefika na mumewe Lukas. Amenisalimu: "Damaris." Tangu talaka haniiti tena wifi. Simlaumu. Tandi kaka yake alishaniacha, sasa yeye angeniita nani?

Alikaa kando yangu akinisomea, mimi nikachapa. Kundi la kwanza kuingia uwanja wa msiba: watoto na wakwe. La pili: wajukuu. La tatu: ndugu wa upande wa baba. La nne: kanisa. La tano: majirani na wageni.

"Kundi la kwanza, andika: Banne na Lukas. Tandi na mkewe Ratih."

Nikaandika Ratih.

"Hao wanne, kama watoto wake, ndio watakaoacha wali, tangu nyati wa kwanza mpaka siku ya kuzika. Wapikiwe mihogo na mahindi. Wengine wote wale wali. Umeandika?"

"Nimeandika. Sahani nne bila wali."

"Na wewe..." Akaangalia dari. "Wewe si utakuwa jikoni?"

Nikasema ndiyo. Jikoni si kundi.

Orodha imebandikwa ukutani, sebuleni. Majina 212. Nimeyapitia mara mbili, hakuna makosa ya kuchapa.

Alhamisi, 4 Julai
Mchungaji Rerung alipita. Kanywa vikombe vitatu. Anataka nimwandikie nusu ukurasa kwa ajili ya mahubiri: upendo usio na masharti ni nini.

"Kijiji kizima kinakuona, dada Damaris. Huna damu naye. Ndoa imevunjika miaka tisa. Hukuzaa humu. Na hukuondoka! Nani mwingine aniandikie?"

Nikamwambia sina hakika kama ni upendo.

Akacheka. "Huo ndio unyenyekevu wenyewe."

Si unyenyekevu. Sina hakika tu.

Ijumaa, 5 Julai
Kahawa, ndizi. Kuku mweupe hajataga.

Nimejaribu kuandika. "Upendo usio na masharti ni..." Nimefuta. "Ni pale mtu anapo..." Nimefuta.

Ukweli wa mambo ni huu. Tandi alikwenda Makassar kutafuta kazi, akapata na mke. Mwezi uleule Mama akaanguka kwenye ngazi, akavunjika nyonga. Nilisema nitakaa mpaka mguu upone. Haukupona sawasawa. Basi.

Na masharti? Yalikuwepo mengi! Kahawa saa kumi na mbili na nusu, siyo saa moja kasorobo. Ndizi isiwe imeiva sana. Mlango usibamizwe. Nisiimbe nikifagia. Siku moja alionja kahawa akaniuliza, "Haya ni maji uliyonawia mikono?" Wageni walikuwepo. Nilikwenda nyuma ya ghala la mpunga nikalia, nikarudi nikatengeneza nyingine. Akanywa yote. Hakusema asante. Sikumbuki aliwahi kusema asante.

Siku karatasi ya talaka ilipoletwa na mtu wa posta, nilimsomea kwa sauti, kwa sababu macho yake yalikuwa hafifu na alitaka kujua ni barua ya nani. Nilisoma mpaka mwisho, mpaka kwenye muhuri. Kisha akasema, "Maji yamechemka."

Nikaenda kuipua.

Hilo silo la kumwandikia mchungaji.

Jumanne, 9 Julai
Tandi amefika na Ratih. Amenenepa. Tumesalimiana kama watu waliowahi kukaa kiti kimoja kwenye basi.

Ratih ni mdogo, mpole, Mjava. Kwao haya hayapo. Akauliza mbele ya watu wote, "Naweza kumwona marehemu?"

Banne akamgeukia. "Marehemu gani? Humu ndani hakuna marehemu. Kuna mgonjwa."

Maskini, uso wote ukamwiva kwa haya. Lukas akajaribu kufanya utani: "Msamehe, mke wangu. Hata mimi nililetwa humu mara ya kwanza nikamsalimia babu yako, nikangoja anijibu. Nilingoja sana." Hakuna aliyecheka isipokuwa Tandi.

Nilimpeleka Ratih mimi. Nikamwambia abishe hodi kwanza, kisha ataje jina lake. Akabisha. "Mama, mimi Ratih. Samahani nimechelewa." Alisema vizuri. Hakuziba pua kwa harufu ya dawa.

Tulipotoka akaninong'oneza, "Alikuwa mwema kwako, dada?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini ulikaa?"

Nilikuwa nimefungua mdomo nijibu. Birika likaanza kupiga filimbi, nikaenda.

Ijumaa, 12 Julai
Banne ameomba ufunguo wa chumba cha kusini. Amesema watoto ndio wanaopaswa kumhudumia mama yao siku hizi za mwisho, watu wataanza kusema. Ana haki. Nimempa. Nimemwambia kitasa kinakwama, ainue kidogo kabla ya kuzungusha.

Jumamosi, 13 Julai
Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Nimechemsha maji, kisha nikakumbuka si zamu yangu. Nimekaa.

Banne akaingia jikoni, nywele hazijachanwa. Akamimina kahawa, akachota sukari. Kijiko cha kwanza. Cha pili. Nikatazama pembeni. Akaniona nikitazama pembeni.

"Nini?"

"Hakuna."

"Damaris. Nini?"

"Hanywi sukari."

"Mama? Mama anapenda vijiko vitatu! Tangu nikiwa mdogo, vijiko vitatu."

"Aliacha. Zahanati walimkataza."

"Lini?"

"Mwaka 2013."

Alisimama na kijiko mkononi. Banne huja Krismasi na Pasaka, na kila akija kahawa anamtengenezea mama yake yeye mwenyewe. Nilimwona akihesabu. Akauliza, taratibu, kama Mama alikuwa akizinywa zile kahawa zake.

Nikamwambia alikuwa akizinywa zote. Mbele yake, mpaka tone la mwisho. Yeye akishaondoka, Mama ananiagiza maji ya kusukutua.

Hiyo sehemu ya pili ningeweza kuiacha. Sijui kwa nini nilisema.

Banne akamwaga kikombe nje, akamimina kingine. Bila sukari. Akaenda nacho. Nilisikia kitasa kikikwama, kisha kikafunguka. Alikaa humo mpaka jua lilipopanda juu ya ghala.

Jumapili, 14 Julai
Nimempa mchungaji karatasi baada ya ibada. Alisoma amesimama. Akageuza kuona kama kuna upande wa pili.

"Lakini hii ni orodha."

"Ndiyo."

"Kahawa bila sukari. Ndizi isiyoiva sana. Dirisha lifunguliwe upande mmoja, upepo usimpige shingoni... Dada Damaris, na upendo uko wapi?"

"Sijui, mchungaji. Nilitafuta, nikapata hivyo."

Akaikunja akaiweka ndani ya Biblia. Hakusema ataisoma.

Jumatatu, 15 Julai
Naandikia jikoni. Mchana.

Nyati wa kwanza amechinjwa saa tatu na dakika kumi. Ngoma zikapigwa. Wanaume wakaingia chumba cha kusini wakamgeuza Mama, kichwa kikaelekea kusini. Basi, amekufa. Niliona kupitia mlango. Kikombe cha asubuhi kilikuwa bado kwenye kigoda, wakakisogeza kwa mguu. Nikaingia kukichukua, kisivunjike. Kilikuwa hakina sukari.

Sikulia. Nilidhani nitalia. Nilikiosha kikombe, nikakipangusa, nikakiosha tena.

Saa sita na nusu tukapakua. Wali masufuria kumi na moja, nyama. Mihogo na mahindi kando, kwa wale wanne. Nilizipanga mwenyewe zile sahani kwenye meza ndogo: Banne, Lukas, Tandi, Ratih. Nikatoka kufukuza mbwa kwenye nyama. Niliporudi zilikuwa tano.

Nimehesabu tena. Tano.

Banne alikuwa ameketi tayari, anamenya muhogo kwa kucha. Hakuinua kichwa.

"Umesimama nini? Keti. Kinapoa."

Nikaketi. Ratih akasogea kunipa nafasi. Tandi akaangalia sahani yangu, akamwangalia dada yake, akaendelea kula. Tumekula. Mihogo ilikuwa imezidi chumvi — mimi ndiye niliyeipika.

Orodha bado iko ukutani. Jina langu halimo. Kundi la kwanza linaingia uwanjani saa nane, na sasa ni saa saba na dakika arobaini. Nguo yangu nyeusi ipo, nimeipiga pasi tangu Alhamisi, sijui kwa nini. Aproni bado iko kiunoni. Banne amesimama mlangoni, amevaa nyeusi, wenzake wameshateremka ngazi. Haniiti. Haondoki pia.