Baba, Fundi wa Miwani Aliyetuuliza Tunasikiliza Nini

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu moyo wako uliposimama ukiwa umeketi kwenye meza yako ya kazi, lenzi ya mteja mkononi na miwani yako mwenyewe juu ya paji la uso. Fundi mwenzako, yule mama anayetengeneza fremu, alidhani umesinzia, akakuacha upumzike kidogo. Bado anajilaumu, ingawa daktari alimwambia kwamba hata angekuita saa ile ile isingesaidia.

Miaka thelathini na minne uliwasaidia watu kuona. Mtu akileta miwani iliyokaliwa na mtoto, uliigeuzageuza, ukaguna, kisha ukauliza, "Mtoto hajaumia? Basi, tumeshinda." Wazee uliwafuata nyumbani kwao na kisanduku chako cha bisibisi, maana ulisema asiyeona vizuri hapaswi kuvuka barabara kuja kutafuta miwani.

Na muziki, Baba. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka ulituandikia kwenye kundi la familia. "Leo nasikiliza fidla nne. Zinagombana kama ndugu wa tumbo moja, na hakuna anayetaka kunyamaza kwanza." Kesho yake: "Leo nasikiliza yule kijana mnayempenda. Maneno hayana kichwa wala miguu, lakini besi yake imenitikisa mpaka meno ya bandia. Wimbo nimeurudia mara tatu." Okestra za karne zilizopita, kwaya, rumba, nyimbo za vijana wasiovaa mikanda, kwako vyote vilikaa kapu moja. Mwishoni uliuliza: "Na nyinyi je, leo mnasikiliza nini?"

Mwanzoni tulikujibu. Baadaye tukawa tunatuma kidole gumba tu. Kisha hata hicho kidole kikatushinda.

Binti yako wa kwanza ulimwita Mkaguzi tangu akiwa na miaka sita, kwa vile alivyokuwa akikagua sahani za wenzake kama wamemaliza chakula. Jina likamwandama mpaka akawa mkaguzi wa majengo kweli. Asubuhi moja alikuwa kwenye kikao na wakuu wake, akieleza kwa nini ghorofa fulani lisifunguliwe. Wewe ulikuwa umetuma sauti badala ya maandishi. Alitaka kuizima simu, kidole kikateleza, na chumba kizima kikakusikia ukiimba, "Paa-pa-paa! Tarumbeta hizo, wanangu!" Watu wakaangua kicheko. Mmoja akamwuliza kama jengo limepungukiwa tarumbeta. Akatoka nje uso umemwiva, akakuandikia mbele yetu sote: "Baba, kundi hili ni la mambo ya maana. Huo muziki wako tafuta mtu mwingine wa kumtumia."

Ulijibu baada ya saa nzima. "Sawa, mama. Nimekuelewa."

Hukutuma tena. Linalotuuma zaidi ni kwamba zilipita wiki tatu kabla mmoja wetu hajagundua kuwa asubuhi zimekuwa kimya. Tulipogundua tukasema, "Mzee amechoka," tukaendelea na shughuli zetu. Hakuna aliyekupigia kuuliza.

Mkaguzi alitaka kukuomba radhi, tena si mara moja. Lakini kila alipokuja Jumapili ulimpokea kwa bashasha na kumwuliza habari za kazi, naye akajiambia basi, yamekwisha. Siku hizo alikuwa na muziki wake ndani ya gari, fidla kubwa, ile ya sauti nzito, ikipigwa peke yake taratibu. Mara mbili ulimi ulimwasha akuulize kama fidla ile inalia au inasali. Akaona haya, baada ya aliyoyaandika.

Miezi saba ikapita hivyo, tukakuzika.

Mkaguzi alipokwenda dukani kuchukua vitu vyako, fundi wa fremu alimkabidhi kadi ya kliniki ya masikio.

"Ina maana hukujua?" yule mama akamwuliza.

"Kujua nini?"

"Mzee masikio yalikuwa yanamfia. La kushoto lilishakwisha kabisa. La kulia walimwambia miaka miwili, ikizidi sana mitatu."

Mkaguzi akaketi kwenye kiti chako. "Sasa mbona hakutuambia?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akaniambia, 'Nikiwaambia watanionea huruma. Mimi sitaki huruma, nataka wimbo.' Alisema muziki ni mwingi na muda umembana, kwa hiyo nyinyi mumchagulie mliouona mzuri, asije akaukosa."

Kumbe ulikuwa ukituomba, Baba. Nasi tulidhani unatusumbua.

Mkaguzi aliipeleka kadi nyumbani kwa Mama. Mama alikuwa akijua, ila ulimwapisha asiseme. Wakaketi jikoni, chai ikapoa bila kuguswa.

"Mama, alinikasirikia?"

Mama hakumbembeleza. "Hakukukasirikia. Aliumia. Asubuhi alikuwa akiichukua simu, anaandika, anasoma alichoandika, halafu anafuta."

"Siku gani hiyo?"

"Kila siku, mwanangu."

"Mpaka lini?"

"Hata siku ile ya mwisho. Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na mkoba wake."

Mkaguzi ndiye aliyeomba haya yaandikwe, na akasisitiza tusiyapambe. Sisi wengine hatukumbishia, maana yeye alisema kwa kuandika, sisi tulisema kwa kunyamaza, na hatujui lipi lilikuuma zaidi.

Unakumbukwa na mkeo, uliyemwacha na nyumba iliyo kimya mno. Na wanao watatu: Mkaguzi, fundi umeme na mkewe, na kitindamimba wako mwalimu. Na wajukuu wanne. Na dada yako. Na fundi mwenzako wa fremu, pamoja na wote wanaosoma maneno haya kwa miwani uliyowatengenezea.

Tulikupenda, Baba, na tulichelewa kukujibu. Tutakukumbuka maisha yetu yote.