Reli Nyuma ya Banda la Kuku

Jumatatu, 3 Machi

Nimefagia ngazi tena. Vumbi la chuma bado limeng'ang'ania saruji. Wiki ya pili sasa tangu mume wangu Masanja aikate reli ya kushikia ya ngazi ili kabati lake jipya lipite. Kabati limepita, linang'aa sebuleni. Reli imelala nyuma ya banda la kuku. Nikiuliza, jibu ni lilelile: "Fundi anakuja kesho, mama Kulwa."

Nyumba yetu iko juu ya jiwe, kama nyingi za huku mlimani. Vyumba juu, jiko na choo chini. Ngazi ina ukuta upande mmoja. Upande wa pili ni hewa, na chini ya hewa ni jiwe lenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Mama amevuka kwa kivuko cha Kamanga, anatoka Sengerema. Amekuja kliniki ya macho. Nilimbembeleza sana, maana kwetu Wasukuma mama kulala kwa mkwewe ni jambo zito. Hawagusani. Hawakutani uso kwa uso. Mmoja humpisha mwenzake. Jioni Masanja alimwamkia akiwa nje ya mlango, Mama akaitikia akiwa ndani. Walinifurahisha.

Kisha nikamwona Mama akishuka kwenda chooni. Kiganja kinapapasa ukuta, mguu unatafuta kidato. Nilimtazama mpaka akafika chini.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegombana na Masanja. Eti watoto wamekulia kwenye ngazi hizi, nani ameanguka? Walikuwa na reli ya kushika! Reli ikifanya kazi yake hakuna kinachotokea, ndiyo maana wajinga wanadhani haina kazi.

Nimempigia fundi wa kuchomelea mwenyewe. Anasema hajawahi kuitwa. Hajawahi! Kesho zote zile nilikuwa nadanganywa. Atakuja Jumatatu, sasa hivi ana mageti ya watu.

Jumapili, 9 Machi

Mama ameanguka. Naandika kwa hasira.

Masanja alikuwa anapanda, Mama anashuka. Ngazi nyembamba. Mama akafanya alivyofundishwa tangu usichana: akampisha mkwe. Akamwachia upande wa ukuta, akasogea upande wa hewa, akageuza uso. Mkono wa kulia ukatafuta pa kushika. Hapakuwepo.

Nilikuwa mlangoni mwa jiko, naona. Masanja alinyoosha mkono. Halafu akaurudisha. Akaurudisha! Akakumbuka kwamba huyu ni mama mkwe.

Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Hospitali wamemfunga hogo la plasta, jeupe na zito, mpaka karibu na kiwiko.

Jumatatu, 10 Machi

Sisemi na Masanja. Chakula nimekiweka mezani, nikaondoka.

Mama anamtetea. "Alinistahi," anasema. "Angenishika, mwanangu, ningekaaje tena kwake?" Nikamwambia stahi haiungi mfupa. Nilimjibu vibaya.

Ninachokasirikia si ile adabu yao. Wenyewe wamelelewa nayo. Nakasirikia kabati. Nakasirikia ile "kesho". Mwenye adabu kubwa hivyo kwa mkwe, mbona hakumwekea pa kushika?

Fundi amekuja. Reli imerudi mahali pake, imara.

Jumanne, 11 Machi

Reli imerudi na haimsaidii. Iko upande wa kulia akishuka, na mkono wa kulia ndio wenye hogo. Nilicheka, kicheko kibaya.

Mama anatumia ndoo chumbani, hathubutu kushuka chooni. Mwanamke aliyelima pamba maisha yake yote. Ameanza kukunja khanga zake. Anataka kurudi Sengerema, kliniki aiache. Huko nyumbani hakuna ngazi, anasema. Na macho je? Anaendelea kukunja.

Nimemfokea Masanja uani, majirani wakisikia. Acha wasikie. Nilimwambia mama yangu atapofuka kwa sababu ya kabati.

Jumamosi, 15 Machi

Masanja ametoka asubuhi, amerudi na bomba la chuma na fundi. Reli ya pili, ya upande wa ukuta. Masanja kwenye ngazi, Mama nyuma ya mlango, mimi katikati.

"Muulize mama, iwe hapa au ishuke kidogo?" Masanja akaniambia.

Nikauliza. "Mwambie ishuke, mimi mfupi." Nikasema. Wote tunasikiana vizuri tu, lakini ndivyo inavyokwenda.

"Na ifike chini kabisa," Mama akaongeza. "Isiniache kabla ya kidato cha mwisho."

Masanja hakunisubiri. "Sawa, mama," akasema, akiwa ameangalia ukuta.

Jioni rangi ilikuwa imekauka. Mama akashuka, mkono wa kushoto kwenye reli. Masanja akatokea chini, anapanda. Mama aligeuzia uso ukutani, lakini hakusogea. Alishikilia palepale. Masanja ndiye aliyerudi chini, akasimama karibu na banda la kuku mpaka Mama akapita.

Khanga zimerudi kwenye msumari. Jumatano tunakwenda kliniki.

Masanja sijamsamehe. Nimempakulia ugali na sato, nikakaa naye mpaka akamaliza.