Mashilingi Hayakutoka kwa Kinyozi

Jumatano, Mei 1996. Manyunyu tangu asubuhi, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, na mimi nina hasira ambayo hata chai haijaituliza.

Acha niandike kabla sijamtukana mtu.

Mimi ndiye mtu wa maabara katika zahanati yetu ndogo hapa Laini Saba. Wiki tatu zilizopita tuliletewa watoto sita wa shule moja, vichwa vina mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, yale tunayoyaita mashilingi. Mtaa mzima ukaamua ni mashine ya kunyolea ya Mzee Hassan, kinyozi wa Kambi Muru, mtaa wa jirani. Mwalimu mkuu akamwandikia chifu barua, na kibanda kikapigwa kufuli. Miaka yote mzee amenyoa watoto wa watu, na hakuna aliyemuuliza hata swali moja.

Ukungu huu wa kichwani una aina zake. Kuna unaotoka kwa mtu hadi kwa mtu, na huo mashine chafu huusambaza vizuri sana. Kuna mwingine wa paka na mbwa. Ukitazama kichwa cha mtoto kwa macho tu, aina zote huonekana sawa. Hata nilipoweka nywele chini ya hadubini niliona mbegu ndogo ndogo za ukungu zimeuvika unywele kwa nje, na hilo peke yake halitoshi kuamua. Kwa hiyo nikauotesha. Vichupa sita dirishani, nikavichungulia kila siku kama mtu mwenye vifaranga.

Leo vilikuwa tayari. Juu pamba nyeupe, chini manjano. Nikagusisha selotepu kwenye ukungu, nikaibandika juu ya kioo chenye tone la rangi ya buluu, nikaangalia. Mbegu kubwa, zimechongoka ncha zote mbili, ganda nene lenye vipele, na ndani vyumba zaidi ya sita. Vichupa vyote vilikuwa hivyo. Huo ni ukungu wa paka, na haukuanzia kwenye mashine ya mtu.

Nikaenda shuleni na karatasi yangu. Mwalimu mkuu alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni pa stoo ya mahindi, na nyuma yake, juu ya gunia, amelala paka wake wa kukamata panya, sikio moja limenyonyoka manyoya. Watoto humbeba paka huyo kila mapumziko. Nilimwonyesha kwa kidole.

"Madam, wewe ni wa lab," akaniambia. "Mambo ya paka peleka kwa vet. Hiyo story ya kinyozi tulimaliza na chifu."

Walimaliza. Bila kuangalia unywele hata mmoja. Nilitamani kumrushia kichupa.

Nikashuka hadi Kambi Muru. Mzee Hassan alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya kibanda chake kilichofungwa, kofia yake safi kichwani. Aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja vizuri, akaniuliza polepole, "Daktari, sasa nani alianza kusema ni mimi?"

Ni mimi.

Mtoto wa kwanza alipoletwa, kabla sijagusa hadubini, nilimtazama kichwa tu nikamwambia mamake, "Hii ni mashine ya kinyozi." Foleni ilikuwa ndefu, nilikuwa na njaa, neno likanitoka. Mama akalibeba hadi shuleni, na shule ikalipeleka kwa chifu. Siku nzima nimemlaani mwalimu mkuu kwa kuhukumu bila kuangalia, na mimi niliyesomea kuangalia ndiye niliyemtangulia.

Nilimjibu mzee, "Sijui."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.

Kesho sifungui maabara kwanza. Nitampitia Mzee Hassan, twende pamoja kwa chifu, na kabla ya kuonyesha karatasi nitasema neno lile lilitoka kinywani mwa nani, yeye akiwa amesimama pale anasikia.