Neno la Mwisho Kwenye Kibao

Kisangani, Jumapili

Dada Katungu,

Natumaini Butembo baridi imepungua. Huku mvua hazikatiki, na miguu ya Papa imevimba. Hawezi tena kusimama dukani. Anajua chuo cha sanaa cha Kinshasa kimenikubali. Jana alinipa kibao kipya cha duka.

“Andika jina langu, Apollinaire na Mwana. Ile rangi yako ilishe watu basi!”

Niliandika Apollinaire na Binti.

Alisoma polepole. “Bon, sawa. Na ule binti iko wapi? Ulimuuliza?”

Ndiyo maana nakuomba urudi ushike duka. Wewe ndiye uliyependa kuuza vitenge, dada, siyo mimi. Kibao kimeshatundikwa na majirani wanakipongeza.

Boti yangu ya Kinshasa inaondoka Ijumaa. Ukikataa kuja, nitalifuta neno Binti, niandike Mwana, nibaki.

Mdogo wako wa kiume,
Élie