Unga Usio na Maziwa

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
20 Novemba, 1983

Mpendwa Mama mdogo Selina,

Shikamoo, mama. Tumsifu Yesu Kristo. Mguu unaendeleaje? Kaka Augustino aliandika kwamba umeanza kuukanyagia, nikashukuru sana. Mvua zimeshafika huko Mbinga? Hapa ni joto tu. Mimi na wanangu wawili tuko wazima wa mwili. Moyo wangu ndio haujatulia, na kwa kuwa wewe ni nesi tena ndiye uliyenilea, sina mwingine wa kumweleza.

Kazi bado ninayo, napakia unga wa soya kwenye kile kiwanda kidogo. Kitambulisho cha kazi sasa kimekuwa roho yangu. Tangu msako wa Nguvu Kazi uanze, asiye nacho anaokotwa njiani kama kuni. Wiki iliyopita walizoa watu Mnazi Mmoja mchana kweupe, wakawapakia kwenye lori kwenda kulima. Hata nikienda kununua chumvi nakifunga kwenye pindo la khanga.

Chumba cha pili kutoka changu anakaa Zamda, mtu wa Lindi, tumeshibana kama ndugu. Binti yake Sabaha ana mwaka mmoja na nusu, na maziwa ya ng'ombe hayapatani naye kabisa. Akilamba kijiko tu, midomo inavimba na pumzi inakaba. Daktari alisema apewe uji wa soya. Mimi ndiye niliyemletea Zamda pakiti ya kwanza, nikamwonyesha kwa kidole maneno yaliyochapwa: HAUNA MAZIWA. Mtoto alinawiri, mama, ungempenda.

Mwezi uliopita soya ikaadimika. Yakaja magunia ya karatasi yenye unga mweupe, mwepesi, jina lake la kizungu refu: kaseineti. Msimamizi wetu, Bwana Kasmir, akaamuru tuchanganye debe moja la unga huo na madebe manne ya soya, ili uji ushikane na kipimo cha protini kifike. Pakiti zikabaki zilezile, maneno yaleyale. Nilimwuliza unatokana na nini. Akasema, "Ni gundi ya chakula. Wewe pakia."

Gundi gani inanuka mtindi uliokauka? Nilichota kidogo nikampelekea Mama Lilavati, yule Mhindi wa Kisutu anayeuza vitamu, niliyekuwa nikimfulia zamani. Aliukoroga kwa maji ya uvuguvugu ukawa mweupe pee. Akakamulia ndimu. Palepale ukakatika, mabonge yakaelea.

"Severa, haya ni maziwa," alisema. "Wametoa maji, wametoa mafuta, wamebakiza kiini chake. Mimi nakatisha maziwa kwa ndimu kila asubuhi, siwezi kukosea."

Nilitoka pale mbio. Jumatatu nilikuwa nimempelekea Zamda pakiti mpya.

Nilipofika, ua umejaa watu. Sabaha alikuwa mapajani mwa mama yake, uso umeumuka, pumzi ikitoka kwa mluzi. Tulimkimbiza hospitali kwa pikapu ya jirani, akachomwa sindano. Ilipofika alasiri ndipo akalia kwa sauti yake mwenyewe, na sisi watu wazima tukalia naye.

Njia nzima ya kurudi Zamda alinishika mkono, akinishukuru kwa kuja upesi. Akinishukuru, mama! Na mimi sikufumbua mdomo.

Kesho yake nilimwendea Bwana Kasmir, nikamweleza kwamba mtoto wa jirani ameponea chupuchupu, nikamwomba maneno ya kwenye pakiti yafutwe. Hakufoka. Alifunga mlango, akasema taratibu, "Pakiti zimeshachapwa, karatasi nyingine nitaipata wapi? Na wewe nikikuachisha kazi leo, kesho uko kwenye lori. Wanao utamwachia nani?"

Nikarudi mezani nikapakia. Hadi leo napakia. Mikono inafanya kazi, macho nayakwepesha yasisome. Nikiacha, nachukuliwa. Nikibaki, ni mimi ninayefunga pakiti hizo kwa mkono wangu. Usiniulize ninalalaje.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta Zamda uani akifua, nikamwambia yote, pamoja na ule ukimya wangu. Aliendelea kuikamua nguo moja hata maji yakaisha. Kisha akasema, "Mimi umeniambia. Na yule mama mwingine asiyekaa nyumba moja na wewe, nani atamwambia?" Akaingia ndani akafunga mlango. Hajanisalimu tangu hapo, wala simlaumu.

Neno hilo ndilo lililonikalisha niandike. Alhamisi lori la mizigo liliondoka na pakiti za kwetu, mzigo wa zahanati za Songea na Mbinga. Chini zina muhuri mwekundu wa mwezi wa kumi. Ukiziona, usimpe mtoto yeyote anayekataliwa na maziwa, hata kijiko kimoja, na uwaambie manesi wenzako wa vijiji vya jirani. Wakikuuliza umejuaje, wape jina langu. Barua isiyo na jina wataiita uvumi, na uvumi hauwezi kumzuia mama mwenye mtoto mwenye njaa.

Najua jina hilo litatembea hadi meza ya Bwana Kasmir. Nimeshamwomba Mama Lilavati awapokee wanangu siku ile nisiporudi jioni. Amekubali. Nami naogopa, mama, sikufichi.

Nisalimie kaka Augustino na wifi Hyasinta, na watoto wote mmoja mmoja kwa jina. Mungu auponye mguu wako na akuweke karibu na kila mtoto atakayeletwa mlangoni kwako.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kutoka mbali,

Severa